Aliyeililia Yerusalemu Kule Xiaobei

Nina hasira na Mwalimu, na si hasira ya jana. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nimekaa chini kumsifu. Shida ni kwamba kila nikitaka kumsimulia kwa ubaya wake, mema yake yanatangulia kuingia, na mimi si mtu wa kuyafungia mlango.

Alikuwa mkalimani wetu. Ukitoka Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam kuja Guangzhou kununua mzigo, na Kichina chako kinaishia kwenye kuuliza bei, ulimtafuta Mwalimu. Aliishi ghorofa ya nne, nyuma ya mtaa wa Dengfeng, eneo la Xiaobei, juu ya mgahawa wa Wakongo, katika chumba chenye meza moja, mkeka, na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa kupandana. Alikuwa amekaa mji huu muda mrefu kiasi kwamba wauza mboga walimwita kwa jina la Kichina ambalo sisi hatukulijua maana yake. Hakuwa mchungaji. Hakuwa Myahudi. Ukimuuliza lolote kati ya hayo mawili alikujibu kwa ukali, "Mimi ni mtu ninayesoma."

Ukutani alibandika kalenda aliyoichora mwenyewe nyuma ya boksi la televisheni. Miezi yetu aliiandika kwa wino wa bluu, na miezi ya Wayahudi kwa wino mwekundu: Nisani, Tamuzi, Abu, Tebeti, Adari. Siku zilizozungushiwa duara zilikuwa kumbukumbu za mambo yaliyowapata Wayahudi. Siku Yerusalemu ilipozingirwa. Siku ukuta ulipotobolewa. Siku hekalu lilipoungua, mara ya kwanza kwa mkono wa Babeli, mara ya pili kwa mkono wa Roma. Siku moja ilipokaribia alitutumia ujumbe kwenye kundi letu la simu: "Kesho ni siku. Njooni." Tulikwenda kumi na watano, wakati mwingine ishirini, tukakaa kwenye viti vile vya plastiki na mapazia yameshushwa, akafundisha.

Hakufundisha kama kanisani. Alisimulia tukio lenyewe kwa dakika chache, kisha akasimama mbele ya mmoja wetu na kumnyooshea kidole. "Usiniambie Wayahudi walifanya nini. Hayo nimeshakuambia mimi. Wewe niambie, siku hiyo ungekuwa wapi? Ukutani, sokoni, au kitandani?" Watu wazima, wenye kontena zao, walijikuna vichwa kama wanafunzi ambao hawakufanya kazi ya nyumbani.

Mwezi wa kumi na mbili hivi, au Januari, ilikuja siku ya kumi ya Tebeti. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kama mtu anaweza kusemwa anapenda siku ya kufunga. "Siku hiyo hakuna jiwe lililoanguka," alisema. "Hakuna aliyekufa. Mfalme wa Babeli alifika tu na jeshi lake akauzunguka mji. Asubuhi yake watu walifungua maduka. Sasa kwa nini tufunge kwa siku ambayo hakuna kilichovunjika? Kwa sababu ndiyo siku ambayo bado ilikuwa inawezekana kugeuka."

Kulikuwa na fundi simu mmoja kutoka Mbeya, visa yake imebakiza wiki tatu, naye anakunywa na kusema kuna mtu anamshughulikia. Mwalimu alimshika shati mbele yetu sote. "Umezingirwa, wewe mjinga! Umezingirwa nawe unauliza bei ya vioo vya simu!" Kesho yake alimpeleka mwenyewe kukata tiketi, akamsimamia mpaka akaondoka nchini. Fundi yule alirudi baada ya miezi minne na visa safi, akaacha pombe. Mpaka leo ukitaja Tebeti mbele yake anatoa pasipoti kuangalia tarehe.

Na mimi nina la kwangu. Mwaka wangu wa pili niliagiza makoti ya watoto Shahe, kule kwenye masoko ya nguo za jumla. Yalipokuja, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi, karibu yote. Laoban, maana yake bosi mwenye mali, alijificha ghorofani, na msichana wa dukani akawa ananijibu neno moja, "Meiyou", hakuna. Hakuna bosi, hakuna kubadilisha, hakuna kitu. Nikaja kwa Mwalimu kulia. Ilikuwa Adari, wiki ya kumbukumbu ya Malkia Esta, aliyewaokoa Wayahudi wa Uajemi wasiuawe. Nilitegemea ataondoka na mimi akanitafsirie. Akakataa.

"Esta hakuitwa kwa mfalme," aliniambia. "Kuingia bila kuitwa kulikuwa kifo, na aliingia. Wewe unaogopa ngazi. Nenda ukapande."

Nilipanda. Nilimwaga makoti matano kwenye meza ya yule bwana, kwenye bakuli lake la tambi, nikanyoosha mikono yangu miwili mbele kumwonyesha kwamba mtoto wa Mwanza naye ana mikono inayolingana. Alicheka mpaka akakohoa. Makoti yote yalishonwa upya. Tangu siku hiyo sijawahi kuogopa ngazi ya mtu, na hilo nililipata kwa Mwalimu, sitalikana.

Kuhusu tabia zake nyingine, sijui nianzie wapi. Alikuwa mkali wa saa. Aliyechelewa alifundishwa akiwa amesimama. Alikunywa chai ya majani makavu kwenye chupa ya jamu na hakumkaribisha mtu. Aliweza kukuambia Nebukadneza aliingia mjini mwezi gani na siku gani, lakini siku ya kuzaliwa ya binti yake wa pekee, aliyeko Morogoro, hakuikumbuka hata mara moja. Binti alipiga simu tukiwepo, tukamsikia: "Baba, watu waliokufa zamani unawakumbuka, mimi niliye hai je?" Akamwambia, "Nitakupigia." Kisha akaendelea na Warumi.

Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa Mwalimu alivyo hasa.

Siku kubwa ya mwaka ilikuwa tarehe tisa ya Abu, siku hekalu lilipoungua. Huangukia Julai au Agosti, wakati Guangzhou inatoa jasho hata kwenye kuta. Mwalimu alifunga kuanzia jua kuzama mpaka kesho yake giza linapoingia, bila tone la maji. Alivua viatu vya ngozi, akavaa ndara, akakaa sakafuni, akasoma maombolezo ya Yeremia huku machozi yakimtoka. Machozi ya kweli. Niliyaona. Alikuwa analilia mji ambao hajawahi kuukanyaga.

Na kila mwaka, alasiri ya siku hiyo, alisimulia kisa kilekile ambacho Wayahudi wanakisimulia kuhusu hekalu la pili. Tajiri mmoja wa Yerusalemu alifanya karamu. Kwa makosa akaalikwa mtu aliyemchukia. Tajiri alipomwona mezani alimwamuru atoke. Yule mtu akaomba asiaibishwe mbele za watu, akakubali hata kugharamia karamu yote, lakini akashikwa mkono akatupwa nje. Na wenye hekima wa mji walikuwa mezani palepale, wanaangalia. Hakuna aliyefungua kinywa. Yule mtu kwa uchungu akaenda kuwachongea Wayahudi kwa Warumi, na mji ukaangamia.

"Mji haukuangushwa na Roma," Mwalimu alisema, sauti imekauka kwa kiu. "Roma ilikuja kuokota tu. Mji uliangushwa na waliokuwa wanatafuna. Wewe! Siku hiyo ungekuwa wapi?"

Sasa nifike kwa Dada Pili.

Pili alikuwa msusi kutoka Tanga. Alisuka kwenye chumba alichopanga mtaa wa nyuma, na wanawake wote wa Kitanzania wa Xiaobei, Waislamu kwa Wakristo, tulipita mikononi mwake. Alikuwa Mwislamu, lakini Mwalimu alipokuwa na siku zake, Pili ndiye aliyetupikia cha kufungulia. Alitutania. "Mnafunga bila daku? Nyinyi mnajiua, shoga yangu." Akaleta supu, wali, maharage ya nazi, akakaa pembeni akasikiliza.

Mwaka mmoja, wiki moja kabla ya tarehe tisa ya Abu, wenzetu watatu walikamatwa. Visa zao zilikuwa zimekwisha. Xiaobei nzima ikawa inanong'ona: nani amesema? Na mtu mmoja alikuwa amemwona Pili akitoka kituo cha polisi cha mtaa, anaagana na askari wa kike kwa tabasamu.

Jioni ya siku yenyewe giza lilipoingia, tukakunjua magazeti mkekani. Pili akapakua. Palikuwepo mtu tuliyemwita Bosi wa Kontena, kwa kuwa kila mwezi alijaza kontena pale bandari ya Huangpu na wengi wetu tulisafirisha mizigo humo. Mwalimu mwenyewe kazi zake nyingi zilitoka kwake. Bosi alishika kijiko, hakukitumbukiza.

"Kabla sijala," alisema, "nataka kujua kama mpishi wetu anakula na polisi."

Pili akaacha kupakua.

"Pili, umeonekana kituoni. Vijana wetu wamekamatwa. Tuambie ulikwenda kufanya nini."

"Nilikwenda kuandikisha makazi," Pili alisema. Mwiko ulikuwa bado mkononi. "Nimehama chumba. Si sheria? Ukihama unaandikishwa."

"Wewe Kichina hujui. Ulizungumza nao kwa lugha gani?"

Pili aligeuka akamtazama Mwalimu. Alimtazama muda mrefu, mimi nikadhani anaomba huruma ya mwenye nyumba. Mwalimu alikuwa ameinamia bakuli lake.

"Mwalimu wangu," Pili alisema.

Naye, bila kuinua kichwa, akasema, "Tule kwanza, jamani. Watu hawajaonja kitu tangu jana."

Bosi akapiga magazeti kwa kofi. "Mimi sili chakula cha mchongezi. Atoke huyu!"

Pili aliweka mwiko chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Alikwenda mlangoni, akawa anavaa ndara zake, na kamba ya moja ikawa inamkatalia. Tulimwangalia akihangaika nayo. Mimi nilisukwa naye siku nne kabla. Nywele zilikuwa bado zinanivuta kichwani. Niliangalia kamba ile mpaka ikaingia. Kisha mlango ukafungwa, Bosi akavuta sahani ya wali, akala. Tukala.

Asubuhi yake Pili alikuwa ameondolewa kwenye kundi. Mwenye kundi alikuwa Mwalimu. Hakuna mwingine aliyeweza kumtoa.

Wanawake wakaacha kwenda kusuka. Mwenye chumba, mama mmoja wa kwetu, akamwambia ndugu zake wanakuja, apishe. Akipita Dengfeng watu walibadili mazungumzo. Alivumilia wiki sita. Siku anafungasha nilimpelekea sanduku la kuazima, nikiwa najiona mwema, na ndipo aliponiambia, bila hata kupandisha sauti.

"Shoga, unajua nani alinitafsiria pale kituoni? Mwalimu. Nilikuwa nimesimama naye kaunta. Yeye ndiye aliyejaza ile fomu, mwandiko wake uko kule, mimi nikatangulia kutoka."

Nilipanda ghorofa nne bila kupumzika. Sikubisha hodi wala sikumpa shikamoo.

"Ulikuwa naye polisi!"

Alikuwa anakunywa chai. Akaweka chupa chini. "Funga mlango, mwanangu."

"Sifungi! Ulikuwa naye, na ulinyamaza!"

"Ningesema nilikuwa naye, wangesema tumewachongea sote wawili. Mimi ni mkalimani. Nikitiliwa shaka na watu wangu, mji huu sina tena kazi. Yule Bosi..."

"Mwalimu, siku ileile! Saa tatu tu zilikuwa zimepita! Umetoka kutusimulia wale waliokuwa mezani, machozi yanakutoka, halafu unasema tule kwanza?"

Hakunijibu. Na kutojibu kwake ndiko kulikoniwasha. Angejitetea, angenifukuza, ningeondoka na kitu. Alikaa tu, chini ya ile kalenda yake, mtu mzima wa kutetemesha watu kwa kidole. Nikamwambia neno ambalo mpaka leo silijutii: kwamba kulilia wafu ni rahisi kwa kuwa hawana Bosi wa Kontena. Nikashuka.

Baada ya miezi kadhaa, mmoja wa wale watatu alipiga simu kutoka Dar. Walikamatwa wakitoka kituo cha treni, ukaguzi wa kawaida wa pasipoti, hawakuchongewa na mtu. Habari ikasambaa siku moja. Watu wakasema, "Kumbe!" Kisha wakaendelea na mizigo yao. Hakuna aliyempigia Pili. Bosi akahamia biashara nyingine, nchi nyingine. Mwalimu akaendelea na siku zake, nilisikia. Mimi nilikaa miaka mitatu bila kupanda ile ngazi, nikamsema kwa kila aliyetaka kusikiliza. Nilimsema Guangzhou, nikamsema Mwanza. Nilimwita mnafiki kwenye harusi ya watu.

Nilimkuta mwaka huu Shahe, asubuhi, saa ambazo mikokoteni ya marobota inakukanyaga usipoangalia. Alikuwa ameketi kwenye robota la jinzi nje ya duka, anapumua kwa mdomo. Amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Nilitaka kupita. Miguu ikakataa, ile adabu ya nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama. "Narudi nyumbani, mwanangu. Mapafu. Binti amekata tiketi." Akavuta pumzi. "Namba ya Pili unayo?"

"Unaitakia nini?"

"Nimwombe radhi kabla sijapanda ndege."

Nilicheka, kicheko kibaya. Miaka mitatu! Anaitwa nyumbani kufa, ndipo anakumbuka! Hata hivyo nilipiga. Tanga ilikuwa bado alfajiri, lakini Pili huamka mapema. Nikaweka sauti ya nje, nikampa simu.

"Dada Pili," alisema, "ni mimi, Mwalimu wa Xiaobei. Siku ile nilijua ukweli. Nilikuwa na wewe pale kituoni. Nimepiga kukuambia kwamba..."

"Mwalimu," Pili alimkatiza. Nyuma yake jogoo anawika. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwako. Waambie waliokuwa wanakula."

Mwalimu akafumba macho.

"Kundi lile bado lipo?" Pili akauliza.

"Lipo."

"Nirudishe. Kisha useme. Nataka kusikia unavyosema mbele yao."

Akatoa simu yake mwenyewe, akakosea mara mbili, lakini sikumsaidia. Alimrudisha. Jina la Pili likaonekana kwenye kundi, na papohapo mtu mmoja akatuma kialama cha mshangao. Mwalimu akabonyeza kitufe cha sauti. Kwenye kundi lile ujumbe wa sauti hukatika ukifika dakika moja, na pumzi yake haikufika hata nusu. Akafuta. Akaanza tena. Akafuta. Mkokoteni ukapita, mchukuzi akatupigia kelele tumpishe. Mara ya tatu alituma.

"Ndugu zangu. Pili hakumchongea mtu. Mimi ndiye niliyempeleka polisi kuandikisha makazi, na mimi ndiye niliyejaza fomu. Aliponitazama nilijua anachoniomba. Niliogopa kukosa kazi. Kisha nikamtoa kwenye kundi kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa siwezi kuliona jina lake. Niliwafundisha kulia kwa ajili ya Yerusalemu, na..." Hapo akakohoa, ujumbe ukaishia kwenye kukohoa.

Tukasubiri. Alama zikaonyesha watu wanasikiliza. Mmoja akaandika, "Mwalimu, hayo ya zamani, tumuachie Mungu." Mwingine akatuma mikono iliyokunjwa ya sala. Wengine hawakuandika kitu. Nilipandwa na hasira, wallahi, nikawa nawatukana kwa sauti pale juu ya marobota, mmoja mmoja kwa majina, waoga, walaji, hawana haya! Mwalimu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuninyooshea kidole. Aliniangalia tu.

Kisha Pili akaandika.

"Nimekusikia, Mwalimu. Wengine je?"

Simu yangu ilikuwa imerudi mkononi mwangu, jina langu juu kabisa kwenye orodha ya kundi, na mimi nilikuwa bado sijaandika neno. Miaka mitatu nilikuwa nimemsema mtu mmoja.

Nikaandika: "Pili, mimi nilikaa karibu na mlango. Nilikuona kamba inavyokushinda. Sikusimama. Ulipotoka, nilikula." Nikatuma haraka, kabla sijapata namna ya kulisema vizuri zaidi.